Chini ya Ratiba ya Meli

Asubuhi hiyo, gatini Suva, panapopandiwa meli za visiwani, kila mtu alikuwa ameinua simu yake kana kwamba anaianika, na mvua nayo inanyesha. Abiria walikuwa wakionyeshana kitu kimoja. Barua pepe ya kampuni ya meli ilianza vizuri, "Bula, msafiri wetu mpendwa," kisha ikaishia hapohapo. Saa haikuwemo, wala jina la meli, wala kisiwa. Chini ya salamu palikuwa peupe.

"Kusalimiwa nimesalimiwa," mama mmoja mnene alisema, amekalia mabati ya nyumba ya mwanawe. "Nashukuru. Sasa meli je? Au nikae hapa nipendwe mpaka jioni?"

Watu wakacheka, lakini si cheko la kusamehe.

Aliyetumwa kuwajibu alikuwa Titilia, na alitumwa yeye kwa sababu barua ilikuwa kazi ya mikono yake. Alisimama juu ya kreti la soda, amevaa gauni refu la kwao, sulu jaba, ya kijani ya parachichi lililoiva, ua jekundu sikioni likidondosha maji shingoni. Alirudia saa za meli kwa sauti mpaka koo likakauka. Kila aliyefika alimkuta katikati ya maneno, akauliza upya.

"Dada," ilisema sauti nyuma yake. "Umefungua mlango, hukuufunga."

Aligeuka. Kijana mrefu, mwembamba, miwani imejaa matone, shati la maua limemganda mgongoni. Kompyuta yake alikuwa ameikumbatia ndani ya shati kama mtu aliyeokota kifaranga.

"Mlango gani? Hii ni gati, haina milango."

"Wa komenti. Uliifungua juu ya ratiba, ukasahau alama ya kuifunga. Kila kilichofuata kimemezwa." Alifuta miwani kwa ncha ya shati, ikazidi kulowa. "Ratiba imo, yote imo. Watu hawa wameishika mikononi, ila hawaioni."

Titilia alihisi damu ikimpanda masikioni. Wanaojenga kurasa na barua za namna hii wana desturi yao. Katikati ya maagizo ya kompyuta huandika maneno ya binadamu, wakayafungia kati ya alama mbili, ya kufungua na ya kufunga. Kompyuta ikifika hapo hupita kama mgeni mwenye adabu anayepita chumba cha kulala. Msomaji haoni kitu. Ni fundi tu, akifunua ukurasa chini, ndiye anayekutana na maneno ya fundi mwenzake. Yeye mwenyewe alijifunza hayo katika darasa la jioni, mwanawe Mere amemlaza juu ya madawati mawili yaliyounganishwa.

"Wewe umeifunua barua yangu?"

"Nilikuwa nimesimama kwenye foleni. Nikasema, hebu niinue pazia." Akafungua kompyuta, akasoma polepole, bila dhihaka: "'Usiguse mistari hii. Sijui kwa nini inafanya kazi, lakini ukiiondoa, ratiba inalala chali. Mere ameota jino leo. T.'"

Mvua iligonga mabati. Titilia hakuwa amewahi kusikia maneno yake ya huko chini yakitamkwa. Aliyaandika tu, kama mtu anavyojisemea jikoni.

"Basi wewe ndiye T.," kijana akasema. "Mere hajambo? Jino limemtoka lote?"

"Limetoka." Alikuta anacheka. "Na jingine linakuja. Ananing'ata."

"Mimi naitwa Avinesh. Baba yangu ana duka la mbegu mtaa wa Nabua, mimi ndiye ninayeandika barua za duka. Nikupe kompyuta ufunge mlango wako?"

Titilia akafunga mlango wake palepale, amechuchumaa kando ya mabati ya yule mama, Avinesh akimkinga mvua kwa kipande cha kadibodi. Alama ndogo tu, vistari viwili na kimshale. Akatuma. Halafu simu moja ikalia, ikafuata nyingine, zikaenea gati nzima kama mbayuwayu waliotishwa, na nyuso zote zikainama na kuangaza kwa pamoja. Ratiba imekuja. Wawili hao walitazamana wakiwa na uso mmoja, uso wa watoto waliorusha jiwe dogo majini wakaona bwawa zima linatikisika.

"Na mimi nilidhani nimekuja kupeleka mbegu za bamia kisiwani Kadavu," Avinesh alinong'ona.

*

Wiki iliyofuata Titilia alipata barua pepe ya duka la mbegu. Hakuwahi kujiandikisha. Akampigia Avinesh kwa namba ya duka.

"Wewe, nani kakwambia mimi nalima?"

"Hulimi?"

"Nina kopo moja la pilipili dirishani, na limekufa."

"Basi soma ushauri wetu kuhusu pilipili. Ukimaliza, soma chini."

Akasoma chini. Kati ya picha ya bamia na bei ya mbolea, mahali ambapo msomaji haoni hata kivuli, paliandikwa: "Kwa T. peke yake. Nimeangalia orodha ya wanaopokea barua hii. Wamo wakulima wa Sigatoka, wamo masista wa misheni, yumo mjomba wangu asiyejua kufunga simu. Wote wamebeba jina lako mifukoni leo na hawajui. Kunywa chai. A."

Titilia aliweka kikombe chini. Alitazama nje, watu wakikatiza barabara na miavuli, akawaza: huenda yule amelibeba, na yule. Moyo ulimwenda juu, ukakaa huko.

Naye akamjibu katika barua ya meli, chini ya ratiba ya Savusavu, bandari ya kisiwa cha pili: "Kwa A. Nimekunywa. Mjomba wako alipiga ofisini akauliza kama meli inauza mbegu. Mere amesema neno lake la kwanza, amesema 'mvua'. Hapa Suva ungetegemea nini?"

Ikawa ndiyo desturi yao. Juu walitangaza meli na maboga, chini walijengana. Simu zilikuwa za utani.

"Mpenzi, jana umeniandikia mistari miwili tu. Umeugua?"

"Ratiba ilikuwa fupi, meli moja iko matengenezoni."

"Kwa hiyo mapenzi yangu yanategemea injini."

"Injini na hali ya bahari, kipenzi. Valia koti la kujiokolea."

Alasiri moja walikaa kwenye ukuta wa baharini, Mere amelala kwenye paja la Avinesh, mdomo wazi, mate yakichora ramani kwenye suruali iliyopigwa pasi. Walikuwa wakila roti, chapati ya viazi iliyofungwa na mama yake Avinesh, mama ambaye bado alijifanya hajui inaliwa na nani.

Avinesh alikohoa. "Titi, kuna jambo nataka kukwambia."

"Usiniambie."

"Hujalisikia."

"Nimeliona linavyokuja." Alimfuta mtoto mdomo. "Baba yake Mere alikuwa na mdomo mtamu, Avi. Kila ahadi aliitoa hapahapa ukutani, mbele ya maji. Alipoondoka nilitafuta hata kimoja alichokiacha, nikishike, niseme aliahidi hiki. Hakuna. Upepo ulizoa vyote. Neno jepesi nipe kwa mdomo, nitacheka. Neno zito niwekee kule chini. Kule hakuna anayekusifu kwa kuandika, na likiandikwa linakaa."

"Na nikiliandika, utajibu?"

"Kulekule. Na usiniulize kwa mdomo, nitaogopa."

Avinesh alitazama mate yalivyofika gotini. "Nimeahidi," alisema. Akaona ameahidi kwa mdomo, wote wawili wakaangua kicheko mpaka Mere akafungua jicho moja.

*

Neno zito lilichelewa, likaja wakati mbaya. Baba yake Avinesh alifungua duka la pili Labasa, kule kisiwa cha pili, kunakofikiwa kwa meli ya Savusavu, na wa kulisimamia ni mwanawe. Ilikuwa wiki ya hekaheka, magunia yanapimwa, rafu zinapakiwa. Wiki hiyohiyo duka likahamia kwenye mtambo mpya wa kutuma barua, uliosifiwa kwamba hufanya barua ziwe nyepesi na kufika upesi. Hakuna aliyeuliza wepesi huo unatoka wapi.

Avinesh aliandika alasiri nzima. Akafuta, akaandika tena. Kisha akatuma kwa wakulima wote.

Titilia alikuwa ameshaipata habari sokoni, kwa muuza karanga. "Mchumba wako anahamia Labasa Ijumaa, hujui?" Alitabasamu kama anayejua, akanunua karanga asizozitaka. Barua ya mbegu ilipofika aliifungua amesimama, begi bado begani. Akafunua chini.

Weupe. Maagizo ya kompyuta yamebanana mstari kwa mstari, bila neno hata moja la binadamu. Akatafuta jina lake kati ya bamia na mbolea. Akatafuta kwenye maboga. Angetazama kwa jicho la fundi angeona kwamba hata maonyo ya kazi, yale ya "badilisha bei hapa", hayamo. Pamefagiwa pote. Lakini jicho lenye machozi hutafuta jina lake tu.

Jioni Avinesh alipiga.

"Umesoma?"

"Nimesoma mpaka mwisho."

"Basi... nitasubiri barua ya meli."

"Barua ya meli itatoka kama kawaida. Nasikia Ijumaa unasafiri."

"Ndiyo. Titi, nilikuahidi sitauliza kwa mdomo, na siulizi."

"Afadhali usiulize," alisema, akakata. Akaenda kumwogesha mtoto, na maji ya beseni yakapoa yeye akiwa bado ameshika sabuni.

Siku ya barua ya meli, Avinesh alijifungia stoo kati ya magunia akafunua chini ya ratiba ya Savusavu. Palikuwa na mistari ya zamani tu: "Usiguse mistari hii." Alikaa akiitazama. Aliyaheshimu maandishi yake kuliko mtu yeyote, kwa hiyo akayatii.

*

Ijumaa adhuhuri shangazi yake Titilia, Sereana, alipanda ngazi za ofisi ya meli, pale juu ya gati, Mere mgongoni, simu mkononi.

"Chukua mwanao, kanishinda. Na uniangalizie hii barua ya mbegu. Nataka kuona kabichi, picha hazifunguki."

"Shangazi, barua hiyo sitaki kuiona."

"Kabichi imekukosea nini?"

Titilia aliichukua simu. Juu kabisa ya barua kulikuwa na kistari kidogo ambacho barua zote hizo huwa nacho na hakuna anayekitazama: ikiwa picha hazionekani, fungua ukurasa huu kwenye tovuti. Akafungua. Kabichi zikatokea, kubwa, zina umande.

"Haya, umeona. Ndizo hizo."

"Mbona kubwa hivi? Za uongo hizi." Sereana akainama akisoma bei.

Kwa mazoea tu, jinsi mkono unavyojikuta umekwenda kwenye kidonda, Titilia akafunua chini ya ukurasa.

Na kulikuwa na maneno.

Maonyo yote yalikuwepo, "badilisha bei hapa", "picha ya boga isizidi upana huu". Na kati ya bamia na mbolea, mahali pake palepale:

"Kwa T. peke yake. Uliniomba neno zito nilete huku, basi ndilo hili. Nakuoa ukinikubali. Nakuomba wewe na Mere mje Labasa, au nikisharejesha duka mikononi mwa baba nirudi Suva, utachagua wewe. Mere akiniita jina langu nitafurahi, akiniita baba nitalia, nakuonya mapema. Nimewaza jinsi neno hili linavyosafiri: linapita chini ya bahari, linaingia nyumba ambazo sitaziona, linakaa kimya katika mikono ya watu wote hao, linamngoja mmoja. Sijawahi kufanya jambo kubwa hivi. Jibu chini ya ratiba ya Savusavu. Usipoandika kitu nitaelewa, na sitakusumbua. A."

Titilia hakulia. Alibaki ametulia kama mtu aliyeingia msikitini au kanisani akakuta pana mtu mmoja anasali, na anayeombewa ni yeye. Neno lilikuwa limekaa humu wakati wote. Alipokuwa anamwogesha mtoto lilikuwemo. Alipokata simu lilikuwemo. Watu walipita juu yake kutafuta kabichi, na lenyewe likangoja bila kuchoka, herufi zake hazijasogea.

Ndipo fundi aliyemo ndani yake akaamka. Ukurasa wa tovuti unayo, barua haina. Kati ya ukurasa na barua kuna mtambo.

"Wamefagia," alisema.

"Nani kafagia?" Sereana akauliza.

"Mtambo wao. Unatupa komenti zote ili barua iwe nyepesi. Shangazi, hakunyamaza. Na mimi sikujibu."

"Sielewi hata neno moja," shangazi alisema, akimtazama uso, "lakini honi ya meli ya Savusavu imelia sasa hivi, kama inakuhusu."

Titilia alimpigia Avinesh. Imezimwa. Aliketi mbele ya kompyuta, akafungua ratiba, akaandika. Akatuma kwenye ukurasa. Halafu akawaza: nani atafunua ukurasa huu sasa? Mtu aliyeambiwa usiguse? Akamnyanyua Mere, akashuka ngazi mbili mbili.

Mvua ilikuwa imeanza tena, ile ya Suva isiyoomba radhi. Magari yalikuwa yakiingia tumboni mwa meli. Avinesh alikuwa kwenye daraja la kupandia, nyuma ya mkokoteni wa magunia, shati jeupe la kwenda kuanza maisha limelowa lote.

"Avinesh Lal."

Aligeuka. Aliona sulu jaba imechafuka matope ukingoni, ua halipo, mtoto anacheka kwa kurushwarushwa.

"Mtambo wenu mpya," Titilia alihema, "unafagia komenti. Barua iliyonifikia ilikuwa tupu."

Mkokoteni ukamponyoka, ukarudi nyuma ukagonga nguzo. Alielewa mara moja, kama ambavyo ni wao wawili tu gatini hapo wangeelewa. "Tupu kabisa?"

"Haina hata onyo la boga. Nikadhani umeondoka kama yule. Leo shangazi kataka kabichi, nimefungua ukurasa wa tovuti."

"Na pale..."

"Pale imo. Yote."

Avinesh alivua miwani, na bila miwani alionekana mdogo, kama kijana aliyeitwa mbele ya darasa. "Mimi nilifunua ratiba," alisema. "Nikakuta usiguse."

"Hiyo ni mistari ya jedwali la ratiba, wewe mwanamume."

"Najua. Niliisoma kwa jicho baya."

"Na mimi pia."

Msimamizi wa daraja alipiga filimbi. "Kaka, unapanda au unabaki? Mbegu zako zitaota humu ndani."

"Panda," Titilia alisema. "Baba yako anakutegemea na magunia ni ya watu. Lakini kabla hujapanda." Alimsogeza mtoto nyongani. Mbele yake kulikuwa na maji yaleyale, na upepo uleule uliozoa kila kitu safari ile. "Nilikwambia neno zito lisitoke mdomoni. Sasa mimi nalitoa kwa mdomo, hapa kwenye upepo, na shangazi yangu yuko dirishani anasikiliza. Ndiyo, Avi. Tutakuja."

Uso wa Avinesh ulijaa ule mshangao wa siku ya kwanza, simu zilipolia gati nzima. Mere alinyoosha mkono akamshika pua.

"Mvua," Mere alimwambia kwa uzito.

"Ndiyo, mama. Mvua." Na machozi yakamtoka, ingawa hakuitwa baba. "Nifanye nini sasa? Niseme nini kwa baba yako?"

"Mwambie baba yako, mzee Lal, atafute jino la nyangumi. Kwetu Kadavu huwezi kuja kuposa na maneno matupu. Unaweka jino mkekani, ndipo unasikilizwa."

"Kumbe si wewe tu usiyeamini mdomo. Ni kabila zima."

"Ukoo, taifa na visiwa vyake. Nenda, mpenzi, utaachwa."

Alipanda. Daraja likainuliwa, meli ikajitenga na gati taratibu. Titilia alikuwa tayari amegeuka simu yake ilipolia.

"Nimewasha simu," sauti ilisema, upepo umejaa ndani yake. "Nimefunua chini ya ratiba ya Savusavu."

"Nani kakutuma? Si nimeshakujibu kwa mdomo?"

"Nilitaka kitu cha kushika." Akasoma tena. "Titi, imo."

"Najua imo. Niliiandika kabla ya ngazi."

"Usiiondoe."

Hajaiondoa. Jino la nyangumi lilipatikana, mkeka ulitandikwa, na mama wa roti alikuja na sufuria nzima akaacha kujifanya. Ratiba ya Savusavu imebadilishwa tangu hapo mara nyingi, meli zimepakwa rangi mpya, hata ofisini sasa yupo fundi mwingine, msichana mtulivu kutoka Rotuma. Siku yake ya kwanza alifunua ukurasa kujua kazi inavyokwenda. Chini ya saa na nauli, pale ambapo abiria wote wa kisiwa cha pili hupita bila kuona, alikuta maneno ambayo hakuna aliyemwambia habari zake: "Kwa A. Ndiyo. Ndiyo kwa Labasa, ndiyo kwa Suva, ndiyo ukiitwa jina na ndiyo ukiitwa baba. T."

Msichana alitazama huku na huku. Hakuuliza mtu. Akasogeza mkono kwenye vibonye, na juu ya mstari ule akaongeza mmoja wake, akaufunga vizuri pande zote mbili:

"Usiguse mstari ulio hapa chini."